Dawa ya presha ya jirani na alama nyekundu ya mtoto

Tunaanza na swali ambalo mama mmoja alituuliza kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili, na juu ya mdomo alikuwa na kitu chekundu kimevimba kama nyanya ndogo iliyoiva. Hospitali ya rufaa walikuwa wamemwandikia dawa. Mama akarudi kambini na karatasi yake, akamwonyesha jirani, mwanamke mtu mzima, na yule jirani akaingia ndani akatoka na pakiti ya vidonge vyake. Jina ni lile lile. Propranololi. "Si hii ndo dawa yangu ya presha?" Basi mama akatuuliza sisi, maana tunavaa vizibao vya kujitolea na watu wanadhani kila mwenye kizibao anajua: "Wanangu, hawa watu wamekosea, ao wananifanyia majaribio kwa mtoto?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia arudi kwa aliyeandika dawa, amuulize swali hilo hilo bila aibu, na asimpe mtoto chochote kabla hajaelezwa. Halafu tukakaa chini kusoma, na afisa tabibu mmoja akatusaidia pale tulipokwama. Tulichokuta ni historia ndefu kuliko tulivyodhani, na swali la yule mama linarudi ndani yake mara nyingi. Majaribio yalikuwepo kweli kweli. Ila hayakuwa pale alipohofia.

Kwanza alama yenyewe. Kitaalamu inaitwa hemangioma ya watoto wachanga. Ni uvimbe uliotokana na seli zinazotengeneza kuta za mishipa midogo sana ya damu, ambazo zimezaliana kupita kiasi mahali pamoja. Ni uvimbe, lakini si kansa. Hausambai kwenda kuota sehemu nyingine za mwili. Wala si jambo la nadra. Inakadiriwa watoto 4 au 5 kati ya 100 wanaupata, wasichana zaidi ya wavulana, na watoto njiti zaidi ya waliotimiza miezi. Mara nyingi mtoto anazaliwa hana kitu, au ana kidoa tu, halafu ndani ya wiki chache kinajitokeza. Wazungu wameufananisha na tunda la stroberi. Wengi wetu hatujawahi kuishika hiyo stroberi, kwa hiyo tunabaki na nyanya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake unaweza kufifia ukaonekana kama zambarau, na ule ulioko chini zaidi ya ngozi unaonekana kama uvimbe wa bluu tu.

Tabia yake ndiyo ya kukumbuka, maana historia yote inazunguka hapo. Unakua kwa haraka sana katika miezi mitatu ya kwanza. Mwingi unakuwa umemaliza kukua mtoto akifika miezi mitano. Baada ya hapo unatulia, na kuanzia karibu mwaka mmoja unaanza kunywea taratibu, hadi watoto walio wengi wakifika miaka minne umekwisha kunywea. Hii haina maana kwamba ngozi inabaki safi. Mwingine unaacha ngozi iliyolegea, mwingine unaacha kovu.

Sasa kitu kinachotokea ghafla, kinakua, halafu kinaondoka chenyewe, lazima watu wakitafutie maelezo. Kwetu kila familia ina yake. Mama alitamani kitu chekundu akiwa na mimba. Mama alishtuka akajishika usoni. Kuna mtu ana jicho baya pale jirani. Tusidhani ni sisi tu. Ulaya nao kwa karne nyingi waliamini alama ya mtoto inatoka kwenye kile mama alichotamani au kilichomtisha, na wenzetu mliosoma kwa Kifaransa mnajua mpaka leo alama ya kuzaliwa inaitwa "envie", yaani tamaa. Lawama ya mama imeandikwa ndani ya lugha yenyewe. Tunalisema hili kwa sababu tumeona akina mama wakificha watoto ndani ya kitenge kwa ajili ya aibu ambayo si yao, na wiki zinapita. Mama hakufanya kosa lolote.

Na matibabu? Hapa ndo majaribio ya kutisha yalipo. Nusu ya kwanza ya karne ya 20, mionzi ilikuwa mpya na watu waliipenda kuliko walivyoielewa. Huko Sweden, katika miji ya Stockholm na Gothenburg, kati ya miaka ya 1920 na ya 1960, watoto zaidi ya 20,000 walitibiwa alama hizi kwa mionzi, hasa ya radiamu iliyowekwa juu ya ngozi. Wengi walikuwa hawajafikisha mwaka. Alama zilinywea, na nyingi zingenywea hata bila kuguswa. Miaka mingi baadaye watafiti waliwafuatilia watoto wale, sasa wakiwa watu wazima, wakakuta saratani ya matiti na ya tezi ya thairoidi shingoni zimezidi kuliko ilivyotarajiwa. Yaani doa la mtoto wa miezi mitano lililipwa na mwanamke wa miaka hamsini.

Mwaka 1938 daktari mmoja Mwingereza, W. A. Lister, alichapisha katika jarida la Lancet kazi ambayo sisi tunaiona kuwa ya kijasiri, ingawa haina maajabu yoyote. Aliwafuatilia watoto wenye alama hizi kwa miaka bila kuwatibu, akaandika kinachotokea. Zilinywea. Kutoka hapo ukaenea ushauri wa kusubiri: mama tulia, itaisha yenyewe. Ushauri huo uliwaepusha watoto wengi na visu na mionzi, na kwa alama nyingi bado ni ushauri sahihi hadi leo.

Ila ulikuja kuwa jibu la kila mtoto, na hapo ndipo ulipoumiza. Hemangioma iliyo kwenye kope inaweza kuziba jicho, na jicho ambalo halioni katika miezi ya mwanzo, ubongo unaacha kulitumia. Uvimbe utaondoka, uwezo wa kuona hautarudi wote. Iliyo kwenye koo inabana pumzi. Iliyo puani inaweza kuharibu umbo la pua. Iliyo mdomoni au sehemu za siri inachanika, inakuwa kidonda, mtoto analia kila akinyonya. Na zikiwa nyingi kwenye ngozi, tano au zaidi, nyingine zinaweza kuwa zimejificha kwenye ini. Kwa watoto hawa neno "subiri" ni neno la hatari, kwa sababu uvimbe wenyewe hausubiri.

Waliokuwa hatarini walipewa nini? Tangu miaka ya 1960, steroidi. Hiyo nayo iligunduliwa kwa bahati: huko Marekani mtoto mwenye hemangioma alipewa steroidi kwa sababu chembe sahani za damu yake zilikuwa zimepungua, na madaktari wakaona uvimbe nao unapungua. Mwaka 1967 Zarem na Edgerton wakaandika kuhusu tiba hiyo, na kwa miaka 40 ikawa ndiyo tegemeo. Ilisaidia wengi, lakini dozi zilikuwa kubwa na za muda mrefu: uso wa mtoto unavimba, presha inapanda, ukuaji unadumaa, kinga inashuka. Mwaka 1992 ikaja interferoni, sindano ya kila siku, na mwanzoni watu walifurahi. Halafu baadhi ya watoto wakaanza kukakamaa miguu, wengine wakashindwa kutembea vizuri. Dawa za saratani nazo zilitumika. Kwa hiyo hadi mwaka 2007 daktari aliyekuwa na mtoto ambaye jicho lake linafungwa na uvimbe alichagua kati ya vitu ambavyo vyote vilimtia hofu.

Na wakati wote huo dawa ilikuwepo kabatini. Ilikuwa hospitali karibu kila nchi, kwenye pakiti za wazee wenye presha (wale wa Kivu na Burundi tunasema tansiyo). Hapa turudi nyuma tuone ilivyofika kabatini.

Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist, akifanya kazi Augusta katika jimbo la Georgia, aliandika kwamba adrenalini, ile homoni inayotufanya moyo ukimbie tukisikia mlio usiku, inaugusa mwili kupitia vipokezi vya aina mbili. Akaviita alfa na beta. Jarida la kwanza alilopelekea lilimkatalia. Jingine likachapisha, na kwa karibu miaka 10 ni wachache waliojali.

Mmoja wa waliokuja kujali ni James Black, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1924, mtoto wa injinia wa migodi. Alisomea udaktari St Andrews, akamaliza ana madeni, akaenda kufundisha Singapore miaka kadhaa ili ayalipe. (Wenye mikopo ya masomo, jipeni moyo.) Wakati ule mtu mwenye maumivu ya kifua kwa sababu ya moyo kukosa damu ya kutosha, madaktari walitafuta namna ya kuuongezea moyo damu. Black akaligeuza swali: kwa nini tusiupunguzie moyo kazi, ili damu ile ile kidogo iutoshe? Ukiziba vipokezi vya beta, adrenalini inapiga hodi na hakuna anayefungua. Moyo unabaki umetulia.

Mwaka 1958 aliingia kampuni ya ICI huko Uingereza kufanya kazi hiyo. Dawa yao ya kwanza, pronethaloli, ilifanya kazi, lakini panya waliopewa walipata uvimbe wa kansa, ikaachwa. Ya pili ndiyo propranololi, katikati ya miaka ya 1960. Ikaleta nafuu kwa maumivu ya kifua, na daktari Brian Prichard huko London akaonyesha kwamba inashusha presha. Baadaye ikatumika kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa kipandauso, kwa mikono inayotetemeka. Black alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Hebu tazama: kaka mkubwa wa dawa hii alitupwa kwa sababu ya kuleta uvimbe kwa panya, na mdogo wake akaja kuwa tiba ya uvimbe kwa watoto. Ungeliandika hili kwenye hadithi, wangesema umetia chumvi.

Lakini ilichukua zaidi ya miaka 40. Na katika miaka hiyo propranololi haikupewa wazee peke yao. Watoto wenye matatizo ya moyo nao walipewa. Ukikumbuka hemangioma iko kwa watoto 4 au 5 kati ya 100, ni vigumu sisi kuamini kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na vyote viwili. Alama ya mtoto huyo ilififia, na pengine kila mtu alisema: si tuliambiwa zinaisha zenyewe?

Sasa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Katika hospitali ya chuo kikuu cha mji huo kulikuwa na daktari wa ngozi wa watoto, Christine Léauté-Labrèze. Alikuwa na mtoto mwenye hemangioma ya pua, anatibiwa kwa steroidi. Uvimbe ulikuwa umesimama kukua, lakini mtoto akapata ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene hadi kuzuia damu kutoka. Kwa ajili ya moyo huo, na si kwa kitu kingine, akaanzishiwa propranololi. Kesho yake alama haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa zambarau, na ukiigusa ni laini.

Siku moja tu! Hemangioma ya kawaida haibadiliki hivyo kwa siku moja. Walipunguza steroidi, na uvimbe ukaendelea kunywea. Walipoziacha kabisa, haukurudi. Mtoto alipofika miezi 14 palikuwa bapa.

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndo moyo wa historia hii. Bahati ilileta dawa na uvimbe kwa mtoto mmoja. Kuona hakukuletwa na bahati. Ilibidi awepo mtu aliyekuwa anaujua uvimbe huo vizuri kiasi cha kutambua kwamba rangi ile haikutakiwa kuwepo kesho yake, na ambaye hakuiacha ipite eti kwa sababu si yeye aliyekusudia. Mtoto wa pili alikuwa na uvimbe mkubwa zaidi, usoni na mkononi, umeingia nyuma ya jicho na kubana koo, na moyo ulikuwa unafanya kazi kupita kiasi ili kuulisha. Naye akapewa. Baada ya siku saba aliweza kufungua jicho.

Baada ya hao wawili ndipo wakawapa wengine tisa, wote wenye hemangioma kali au zinazoharibu sura, na hao wazazi wao waliombwa ruhusa kwanza, kwa maandishi. Jumla 11. Wote rangi ilibadilika ndani ya saa 24. Tarehe 12 Juni 2008 wakachapisha katika New England Journal of Medicine, si makala ndefu, ni barua ya kurasa chache. Madaktari sehemu mbalimbali za dunia wakasoma, wakafungua makabati yao, wakaikuta dawa iko palepale. James Black alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 2010.

Watoto 11 lakini si ushahidi wa kutosha, hasa kwa ugonjwa ambao unaisha wenyewe. Huenda zingenywea tu. Kwa hiyo ukafanyika utafiti mkubwa, ukichapishwa mwaka 2015 katika jarida lile lile, Léauté-Labrèze akiwa mwandishi wa kwanza. Waliandikishwa watoto 460 wa kati ya mwezi mmoja na mitano katika nchi 16. Wengine walipewa propranololi, wengine maji ya dawa yasiyo na dawa, na aliyepima matokeo hakujua nani kapewa nini. Watoto ambao uvimbe wao ulitishia uhai au kuona hawakuingizwa, maana kuwapa maji matupu kungekuwa ukatili. Baada ya wiki 24, kati ya waliopewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kwa miezi 6, asilimia 60 uvimbe ulikuwa umekwisha kabisa au karibu kabisa. Kwa waliopewa maji matupu, asilimia 4. Mwaka 2014, matokeo yakiwa tayari yamefika kwa wakaguzi wa dawa, Marekani na Ulaya zikaidhinisha dawa ya maji ya watoto ya kampuni ya Pierre Fabre ya Ufaransa. Ulaya inaitwa Hemangiol.

Kwa hiyo mama, jibu la sehemu ya pili ya swali lako ni hili: majaribio yalifanyika, yakaisha, yakaandikwa. Aliyeandika dawa ile hakuwa anabahatisha juu ya mtoto wako.

Inafanyaje kazi? Kubadilika rangi siku ya kwanza kunaelezwa kwa mishipa kubana: vipokezi vya beta vikizibwa, mishipa midogo inajikunja, damu inapungua ndani ya uvimbe, nyekundu inakuwa zambarau. Baadaye zile ishara za kikemia zinazoiambia mishipa "ota, ongezeka" zinapungua, na seli zenyewe zinaanza kufa mapema kuliko ambavyo zingekufa. Lakini kuna jambo la karibuni lililotushangaza. Propranololi ni mchanganyiko wa molekuli za maumbo mawili, kama ndala ya kushoto na ya kulia: zinafanana, ila moja haiingii mguu wa mwenzake. Ni moja tu kati ya hizo inayoziba beta kwa nguvu. Watafiti wa Boston walipoichukua ile nyingine, ambayo kwa moyo karibu haifanyi kitu, wakaijaribu kwa panya waliopandikizwa seli za hemangioma, nayo ikazuia mishipa kuota. Inaonekana inagusa protini moja ndani ya seli iitwayo SOX18. Kama ni hivyo, basi jina "kizuizi cha beta" limebeba sifa ambayo si yake yote. Miaka sitini ya dawa hii, na bado watu wanajifunza inafanya nini.

Haitibu kila alama nyekundu, hilo lieleweke. Mwaka 1982 Mulliken na Glowacki huko Boston walitenganisha makundi mawili ambayo madaktari walikuwa wakiyachanganya: uvimbe ambao seli zake zinazaliana, kama hemangioma, na mishipa iliyotengenezwa vibaya tangu tumboni, ambayo inakua na mtoto na hainywei. Doa la rangi ya divai ambalo mtoto anazaliwa nalo, bapa, na linabaki pale mwaka hadi mwaka, ni la kundi la pili. Propranololi hailigusi. Kabla ya dawa kuna kutazama, na kutazama kunahitaji mtu aliyefundishwa.

Sasa tuseme wazi kwa nini tumeandika haya hapa. Dawa hii haina tatizo la bei kama dawa nyingine tunazolilia. Vidonge vyake vinatengenezwa na viwanda vingi, na yule jirani anavyo. Hapo ndipo hofu yetu ilipo, maana baada ya kusoma hadithi hii kuna mtu atasema: kumbe! Nikate kidonge cha bibi nimpe mtoto.

Fanya hesabu na sisi. Mtoto wa kilo 4 kwa kawaida anaanzishwa na miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili. Yaani miligramu 2 kwa kila dozi. Kidonge cha kawaida kina miligramu 40. Ungehitaji kukikata vipande 20 vilivyo sawa sawa, kwa wembe, kwenye mkeka. Ukikosea ukampa robo tu ya kidonge, umempa dozi tano kwa mpigo. Propranololi inapunguza mapigo ya moyo na presha, inabana kifua cha mtoto mwenye pumu, na kwa watoto wachanga inashusha sukari ya damu, hasa asipokuwa amenyonya. Mtoto ambaye sukari imeshuka anakuwa mlegevu, anatoka jasho, anatetemeka, anaweza kupata degedege, na dawa hii hii inaficha baadhi ya dalili hizo. Ndiyo maana dozi ya kwanza inatolewa akiwa chini ya uangalizi, mapigo yanapimwa kwa saa mbili hivi, dozi inapandishwa kidogo kidogo, na kila mara mtoto ananyonya kwanza. Akiharisha, akitapika, akikataa kunyonya, dozi inasimamishwa na mnarudi kliniki. Hemangioma kubwa ya uso nayo mara nyingine inaambatana na kasoro ya mishipa ya kichwani, na hao wanahitaji kupimwa kabla. Kuna pia matone ya timololi, dawa ya macho ya jamii hiyo hiyo, yanayopakwa juu ya alama ndogo nyembamba. Tangu mwaka 2010 madaktari wamekuwa wakiandika kuhusu mafanikio yake. Hayo nayo anaamua daktari.

Kwa hiyo dawa iko karibu na njia ni ndefu. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika kwamba mtoto mwenye hemangioma ya hatari anafaa kuonwa na mtaalamu akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Mwezi mmoja! Kwetu mwezi mmoja unaweza kuisha kati ya karatasi ya rufaa na siku gari linapopatikana. Tunamjua mama mwingine, si huyu, aliyeambiwa mahali fulani "itaisha yenyewe", akaamini, akarudi mtoto ana miezi mitano na mdomo umechanika. Aliyemwambia hakusema uongo. Alisema kweli ya mtoto mwingine.

Wenzetu mnaopita nyumba kwa nyumba, na nyie wa mashirika mnaosoma hapa, ombi letu ni dogo. Ukimwona mtoto wa wiki tatu au nne ana doa jekundu linalokua kwenye jicho, pua, mdomo, kidevu na shingo, au sehemu ya nepi, au madoa matano na kuendelea, andika tarehe ya kuzaliwa, piga picha kama mama amekubali, weka kitu cha kulinganisha ukubwa, hata kifuniko cha soda, rudi baada ya wiki upige nyingine. Picha mbili za wiki mbili zinamwambia daktari kitu ambacho maneno yetu hayamwambii. Na kwenye karatasi ya rufaa umri uandikwe kwa wiki, usiandikwe kwa miezi.

Yule mama wa kwanza alirudi akauliza, kama tulivyomwomba. Alielezwa, akaketi kliniki asubuhi nzima mtoto akipimwa mapigo, akapewa dawa ya maji na bomba dogo la kupimia lenye alama ya kalamu mahali pa kuishia. Tulipomwona wiki ya tatu, ile nyanya ilikuwa imepauka katikati, imelegea kama imewekwa juani. Jirani ndiye anayemkumbusha saa ya dawa, maana naye anameza zake asubuhi na jioni. Ila pakiti yake ameihamishia juu kabisa, kwenye boriti, ambako hata yeye mwenyewe anapanda kigoda kuifikia.